Vigingi vya Mhuhu

Jua lilikuwa linazama nyuma ya migomba ya ng'ambo ya mto, na vigingi vilivyobaki kupigiliwa vilikuwa vichache tu. Tamar hakuwa mtu wa kulaza kazi kiporo. Masha, mkulima wa jirani aliyekuwa akimbeba kwa pikipiki kwenda na kurudi Garsen, alikuwa amekwenda kuzima pampu yake ya maji shambani. Alisema hakawii. Tamar akashika nyundo.

Kazi yake ilikuwa usanifu wa mandhari. Alizunguka kwenye magofu na bustani za kale, Gede, Takwa, Ngome ya Yesu, akipima palipokuwa na njia, kisima au kitalu cha maua ili pafufuliwe. Safari hii alitumwa kwenye bustani ya wamisheni iliyotelekezwa kando ya mto Tana, nje kidogo ya Tarasaa. Wamisheni waliondoka zamani. Vibarua wao Wagiriama walibaki hapo wakilima na kuzikana, mpaka mto ulipohama njia na mafuriko yakawafukuza.

Alikuwa fundi, hilo halina ubishi. Naye alijijua kuwa ni fundi, na ubaya ulianzia hapo hapo.

Vigingi vya kupimia vya dukani hakuvitaka, kwa sababu mchwa wa huku huvimaliza kabla mchoro haujakamilika. Alimpa seremala wa Garsen vipande vya mhuhu, mti mgumu usioliwa na mchwa, akamwagiza avichonge vichwa vya duara visipasuke kwa nyundo, na chini ya kichwa akate shingo ili utepe wa alama usiteleze. Utepe wa plastiki ulipomwishia, akanunua kitambaa chekundu cha bendera pale Tarasaa, akakichana vipande, akakifunga kila kigingi shingoni. Vilipendeza. Alivipiga picha.

Mtoto yeyote wa Kigiriama aliyelelewa na bibi yake angeona mara moja alichokuwa akikifanya yule mwanamke. Hivyo ndivyo wafu wanavyosimamishiwa koma: kijiti chenye kichwa na shingo, kikafungwa kitambaa, kikapigiliwa ardhini, na mzee wa watu akapata pa kukaa. Kisha hunyweshwa na kulishwa. Tamar naye alikuwa Mgiriama, lakini baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa Malindi, na mambo ya koma hayakutajwa ndani ya nyumba ile. Yeye alikuwa ameyaona nyuma ya kioo cha makumbusho. Akasifu uchongaji.

Jambo moja zaidi. Alikuwa mjamzito wa miezi mitano. Mimba mbili za kwanza zilimtoka, na hii alikuwa akiiombea usiku na mchana. Mumewe, Mwaro, alimsihi asisafiri. Akasafiri.

Alipigilia kigingi cha mwisho.

Ko. Ko. Ko.

Akashusha nyundo, akajifuta jasho.

Ko...

Aligeuka. Hapakuwa na mtu. Vyura waliokuwa wakipiga kelele mtoni walikuwa wamenyamaza wote kwa pamoja. Ikaja harufu ya pombe ya mnazi iliyochacha, harufu nzito ya kilabu, na pale minazi hakuna. Tamar akaingiwa na wasiwasi. Akaokota mkoba wake, akatazama mstari wa vigingi aliokuwa ameunyoosha kwa kamba tangu asubuhi.

Haukuwa umenyooka tena.

Vigingi vyote vilikuwa vimeinama upande wake.

"Umetusimamisha," sauti ilisema.

Ilikuwa sauti ya mwanamke mzee, ndogo, kavu, na ilitoka chini, karibu na kifundo cha mguu wake. Ilisema Kigiriama cha zamani, kile alichokisikia utotoni kwa wageni waliofukuzwa mlangoni na baba yake.

"Tumekaa bila pa kukaa," sauti ilisema. "Umetusimamisha. Tunywe nini?"

Mkobani alikuwa na maji ya chupa. Akayafungua, akayamwaga kwenye kigingi kilichokuwa karibu. Ardhi haikuyanywa. Yalisimama juu ya udongo, kisha yakarudi polepole kuelekea viatu vyake.

"Anatucheka," ilisema sauti nyingine, ya kiume.

"Sicheki, babu. Sina kitu."

"Unacho."

Ubaridi ukamshika tumboni. Haukuwa wa upepo. Ulikuwa kama kiganja kilichotoka kisimani, kikapapasa, kikasimama pale mtoto alipozoea kupiga teke. Mtoto hakupiga teke.

"Huyo mwacheni," Tamar alinong'ona. "Nawaomba. Huyo mwacheni."

"Tumwache abebe jina letu. Au tumchukue."

Mwenye akili zake angenyamaza. Lakini nani ana akili zake pale? Mama yeyote angesema alichosema.

"Atabeba. Nimekubali. Niambieni ni jina gani."



Vigingi vilitikisika kidogo, kimoja baada ya kingine, mpaka mwisho wa mstari, kana kwamba swali linapelekwa na kuulizwa huko. Kisha ile sauti ya bibi ikarudi, na safari hii ilikuwa na chuki ndani yake.

"Hatukumbuki. Ni miaka mingi hakuna aliyetuita. Utalitafuta wewe."

Masha alimkuta amepiga magoti, amekumbatia tumbo. Mwanga wa pikipiki ulipomulika vile vigingi, alizima injini na hakusogea.

"Mama, nani alikuambia usimamishe hivi?"

"Ni vya kupimia tu, Masha. Ving'oe. Ving'oe vyote."

"Mimi sing'oi." Alisema kwa sauti ya chini, huku akimnyanyua. "Hapa palikuwa na vigango, nguzo za kuchongwa za wazee waliokufa. Watu walipohama, wezi walikuja wakaving'oa, wakaenda kuwauzia wazungu. Hawa hawana kwao, hawana watu. Umewaahidi kitu?"

Tamar alijikokota hadi kwenye pikipiki, akapanda. Masha akawasha injini.

Asubuhi yake Masha alipeleka pombe ya mnazi, akawamwagia na kuwaomba radhi. Alimpigia Tamar simu akamwambia wamekunywa. Hakusema kama wamekubali.

Mtoto alizaliwa Malindi, mzima, wa kiume, mzito. Alianza kulia siku hiyo hiyo. Daktari alimpima masikio, tumbo, damu, akasema hana kitu. Basi Kache, mama yake Mwaro, akafanya kama walivyofanya mama zake: mtoto akilia bila sababu, anataka jina, nawe unamtajia wazee mmoja mmoja mpaka anyamaze. Alitaja wa upande wa Mwaro. Akataja wa upande wa Tamar, hata wale ambao baba yake mchungaji alikuwa amewafuta. Mtoto alilia.

Tamar alirudi Tarasaa mara kadhaa, akibisha kwenye nyumba za watu asiowajua, akiuliza ni nani waliozikwa kwenye bustani ile. Walimtajia hawa na wale, nusu kwa kubahatisha. Kila jina alilileta nyumbani, na kila jina lilikataliwa. Mtoto aliacha kunyonya. Akakonda, ngozi ikamlegea mikononi, na bado alikuwa na nguvu za kulia.

Jioni moja Kache alikuwa amekauka sauti, amekaa kitandani hawezi kutaja hata jina lake mwenyewe. Mwaro alikuwa ameegemea ukuta, macho mekundu. Tamar alikuwa amempakata mtoto.

Mtoto akanyamaza.

Aligeuza kichwa polepole kuelekea mlangoni, ambako hapakuwa na mtu ila harufu nzito ya pombe ya mnazi iliyochacha, akatega sikio. Kisha akatabasamu, kama mtoto yeyote anavyotabasamu anapoitwa.