Mstari Usio na Jina

Jumanne ile Noela, binti wa Mama Jeni jirani yetu hapa Wazo, alifungua kibanda cha mjomba wake kama kawaida. Alifagia, akafuta vumbi kwenye mashine ya fotokopi, akawasha kompyuta. Kibanda kiko Tandale, nyuma ya soko. Watu huchapisha barua na kutoa kopi, lakini riziki hasa ya Mjomba Kornelio ni matangazo: ile sauti ya kuita wateja ambayo wachuuzi huitia kwenye flashi na kuipiga kwenye spika siku nzima, wao wenyewe wamefunga midomo.

Sauti hiyo ilikuwa ya Jenipher, dada yake Noela. Jenipher alifanya kazi hapo kibandani, akarudi nyumbani mwaka juzi akiwa hawezi kutamka hata jina lake. Hospitali walimmulika koo, hawakuona kitu. Akafa kimya. Sauti yake ikabaki sokoni, inauza nyanya.

Na bado Noela akatolewa kidato cha pili, akapelekwa kwa mjomba yule yule, kwa ahadi kwamba angemsajili mtihani wa QT, ule wa walioachia shule njiani, arudi kusoma. Ahadi hiyo alilala nayo na kuamka nayo.

Asubuhi hiyo muuza mahindi, Stephano, alikuja kusikiliza tangazo lake. Sauti ikaanza vizuri, ikazama, ikarudi kwa kishindo, ikazama tena.

"Sista, spika yako ina mafua?"

Mjomba, aliyekuwa amesimama mlangoni, akamgeukia Noela. "Nimekwambia siku nyingi urekodi wewe, unakataa. Haya, itengeneze. Ikikushinda, beba begi lako, na hiyo QT uisahau."

Akatoka na Stephano. Noela alibadilisha waya, akasafisha vitufe, akazima kompyuta na kuiwasha. Wapi. Faraji, fundi simu wa jirani, akachungulia dirishani.

"Hiyo setingi tu. Kompyuta ikihisi kuna mtu anaongea na simu humo ndani, inashusha sauti nyingine zote asikike yeye."

"Simu gani, braza? Hata bando haina."

"Basi muulize anaongea na nani," Faraji akasema, akarudi kwenye kazi yake.

Noela akaingia kwenye setingi za mawasiliano, akachagua kompyuta isishushe kitu. Kisha akafungua ukurasa unaoonyesha sauti ya kila programu. Wa kwanza, muziki. Wa pili, intaneti. Chini yake kulikuwa na mstari wa tatu. Haukuwa na jina.

Ulikuwa umezimwa. Lakini kijani chake kilipanda na kushuka. Kilipanda, kikapumzika, kikashuka. Kama mtu anayeongea.

Akauwasha.

"Noe," spika ikanong'ona.

Alikuwa Jenipher. Pumzi zake zilisikika karibu, zimebanwa, kama za mtu aliyefungiwa kabatini.

"Kipaza kiko wazi. Ukiitwa, usiitike."

Noela akaziba mdomo kwa kiganja. Kipaza cha kurekodia kilikuwa mezani mbele yake. Taa yake inawaka. Hakuwa amekigusa.

"Noela," Mjomba akaita kutoka nje, kwa upole ambao hakuwahi kuwa nao.

Mtoto aliyelelewa, mkubwa akiita, haanzi kufikiri. Mkono ulishuka wenyewe.

"Abee, Mjomba."

Mstari ukapanda hadi mwisho. Ukatulia. Ukafutika.

Mjomba akaingia, akapiga tangazo. Sauti safi, haitetereki. "Si unaona," akasema. Noela akafungua kinywa amjibu. Ikatoka hewa tupu.

Kabla wiki haijaisha alirudishwa Wazo na begi lake. QT haikutajwa tena. Mjomba alimwambia Mama Jeni, dada yake, asihangaike, ni vumbi tu la kiwanda cha saruji cha hapa Wazo linalomkaba mtoto. Mama Jeni akamshukuru.

Jumapili mchana Mama Jeni alikuwa jikoni. Muuza dagaa akapita na baiskeli, spika imefungwa mbele. Nje ikasikika sauti nyororo, changa, anayoijua tangu ilipojifunza kusema.

Mama Jeni akatoka mbio, mwiko mkononi, anacheka na kulia.

"Noe, mwanangu, umepona?"

Noela alikuwa amekaa mlangoni. Midomo imefumbwa. Machozi yanamtiririka.

Kule barabarani baiskeli ikakata kona, na ile sauti ya Noela ikazidi kwenda mbali, inaita: mama, njoo. Mama, njoo.