Mtama Uliorefuka Kupita Kiasi

Kila asubuhi Vagheni alitwanga sombe, majani ya muhogo, akaiacha motoni, akaenda shambani. Yeye, mume wake Jéthro na watoto wao walikimbia vita upande wa Beni, mashariki mwa Kongo, wakaacha kakao yao. Karibu na Butembo waliazimwa kipande cha shamba, wakapanda mtama mtamu. Shina lake lina maji ya sukari kama muwa. Kiwanda kidogo kiliyakamua na kutengeneza alkoli ya kuwashia majiko, badala ya makaa.

Jéthro alipougua malaria, Vagheni alienda sokoni peke yake, akanunua chupa isiyo na maandishi, dawa ya shamba.

"Inarefusha mutama," muuzaji alisema. "Kifuniko moja kwa pompe moja."

Vagheni alitia vitatu kwenye bomba la kupulizia, akitaka mashina yenye maji mengi zaidi. Hakumwambia mume wake.

Mtama ulipanda juu upesi, mwembamba kama nyasi. Kisha mvua ya mchana mmoja ikaulaza wote. Mashina yakaoza. Kiwanda kikayakataa.

Jéthro alikaa kwenye matope. "Hata udongo ya huku haitutaki," alisema. "Ni mie njo nilileta batoto kufa na njala."

Maneno hayo yalimkata Vagheni. Lakini siri ya chupa hakuitoa.

Siku ya tatu alikuja Jemima, agronome, mtaalamu wa kilimo wa kikundi cha wakulima. Alipasua shina moja, akalitazama.

"Mulipuliza nini?"

"Hatukupuliza kitu," Jéthro alijibu.

Vagheni aliileta ile chupa. "Ni mie, mama. Balisema inarefusha mutama, kifuniko moja. Nilitia tatu."

Jéthro hakugombana. Aligeuza uso tu. Hilo lilimuumiza Vagheni kuliko ugomvi.

"Ile dawa si mbolea," Jemima alisema polepole. "Inaamuru mumea namna ya kukua. Kuko ya kurefusha, kuko ya kufupisha na kukaza shina. Ukizidisha, unaharibu. Usinunue chupa bila maandishi. Uliza kama ni ya mutama, upime vizuri, na upulize kwa wakati wake. Vaa gants mikononi. Kwanza jaribu mistari kidogo."

"Na hii ya sasa?" Vagheni aliuliza.

"Hii imekufa, mama."

Miezi ile walikula mara moja kwa siku. Jéthro alisema na mke wake maneno ya lazima tu.

Msimu uliofuata walipanda tena. Mtama ulipofika kiunoni, Jemima alileta dawa ya kukaza shina. Safari hii Jéthro alishika pompe, Vagheni akapima kwa kijiko cha dawa. Walipuliza mistari minne tu, asubuhi isiyo na upepo.

Mvua kubwa ikaja. Nusu ya mistari isiyopulizwa iliinama. Ile minne ilisimama, mifupi na minene. Kiwanda kilichukua mashina yake yote.

Kakao ya Beni bado iko mikononi mwa wengine. Ile njaa Vagheni hajaisahau. Siku ya mavuno Jéthro alivunja shina, akalitafuna. Alimpa mke wake nusu.

"Iko na sukari," alisema.

Vagheni alitafuna huku akilia.