Kamera ya Kumpata Bibi Akicheka

Jumamosi ile Atuganile alifagia uwanja, akateka maji bombani, kisha akakaa kibarazani kumenya ndizi za mchana. Manyunyu yalikuwa yakianguka tangu alfajiri. Kwa mtu wa Tukuyu hiyo si habari, kwa hiyo hakuna aliyeitaja. Msichana huyo alikuwa na miaka kumi na miwili na alisoma darasa la sita. Kwao ni Makandana, ila shamba lao la parachichi lilikuwa Kyimo, na baba yake alikuwa amekwenda huko tangu asubuhi.

Baba aliporudi, viatu vyake vilikuwa vimejaa tope lakini uso wake uling'aa.

"Gari limekuja, limebeba parachichi zote," alisema huku akivua koti. "Sasa niwaambie. Likizo hii ya Juni tunakwenda Matema, familia nzima. Tutampitia bibi yenu Isongole, tumpeleke akamwone mdogo wake. Hawajaonana miaka kumi na minane."

Emmanuel, kaka yake Atuganile, aliyekuwa kidato cha tatu, aliruka mpaka akagonga kichwa kwenye kizingiti. Mama alicheka. Baba hakucheka. Aliingia ndani akarudi na picha ya marehemu babu, ile iliyokuzwa kutoka kwenye kitambulisho chake.

"Mnamwona huyu?" aliuliza. "Baba yangu alicheka kuliko watu wote wa Isongole. Alikuwa akicheka mpaka mbuzi wanageuka kumtazama. Lakini picha pekee aliyotuachia ni hii, amenuna. Watoto wadogo wakiiona wanakimbia. Sitaki yawe hayo hayo kwa mama yangu. Nataka picha yake moja tu akicheka. Moja inatosha."

Kazi hiyo haikuwa ndogo. Bibi alikuwa mcheshi ajabu, lakini akiona mtu amenyanyua kitu cha kupigia picha, alisimama wima kama nguzo ya umeme, akakunja uso na kuziba mdomo kwa kanga. Meno ya mbele yalikuwa yamekwisha, na jambo hilo lilimtia haya. Isitoshe, simu ya baba ilikuwa kitochi kisicho na kamera, ya mama ilikuwa na kioo kilichopasuka, na simu aliyoazima Emmanuel kwa rafiki yake ilitoa picha zenye ukungu hata siku ya jua.

"Tutanunua kamera," baba alisema. "Na atakayeichagua ni Atu, kwa sababu yeye ndiye atakayeitumia. Emmanuel hana subira."

Atuganile aliachia kisu kikaanguka ndani ya beseni la ndizi. Alifurahi, lakini papo hapo akaingiwa na hofu. Akikosea yeye, bibi atabaki bila picha.

Hofu hiyo haikumzuia kujisifu. Jumatatu shuleni alimwambia rafiki yake Hellen kwamba wangenunua kamera kubwa nyeusi, yenye lenzi ndefu kama ya waandishi wa habari. Hellen aliwaambia wenzake, nao wakawaambia wengine. Kufika saa ya uji, kamera ambayo hata haijanunuliwa ilikuwa maarufu shule nzima. Atuganile aliipenda sana sifa hiyo, akaiongezea chumvi kidogo.

Siku tatu baadaye baba aliwachukua Atuganile na Emmanuel hadi duka la Mzee Zuber, fundi na muuzaji wa vyombo vya umeme pale mjini.

"Shikamoo, mzee," watoto walisalimia.

"Marahaba, wanangu. Haya, nani mnunuzi?"

Baba alimsukuma Atuganile mbele. Mzee Zuber aliweka kamera mbili juu ya meza ya kioo. Moja ilikuwa ile ile aliyoiota, kubwa, nyeusi, yenye mkanda mpana wa kuvaa shingoni. Ya pili ilikuwa ndogo, ya rangi ya majivu, imekwaruzwa kidogo pembeni.

Atuganile hakuitazama hata mara mbili ile ndogo. Aliivaa kubwa shingoni. Ilikuwa nzito, na uzito wenyewe ulimfanya ajione mtu mkubwa.

"Hapo sasa!" Emmanuel alishangilia. "Umependeza, dogo. Unaonekana mwandishi kabisa."

"Baba, ni hii," Atuganile alisema.

Baba alikuna kidevu. "Parachichi za kuuza huwa tunajuaje kwamba zimekomaa?"

"Tunachuma moja, tunaipasua," alijibu Atuganile, akishangaa swali hilo linatoka wapi. "Tunaangalia ganda la kokwa. Likiwa la kahawia, zimekomaa. Likiwa jeupe, tunaziacha mtini."

"Hata kama ni kubwa na zinang'aa?"

"Hata kama ni kubwa."

"Basi na hizi zipasue," baba alisema.

Mzee Zuber alicheka. "Msiipasue kweli, jamani, mtaniharibia biashara! Lakini baba yako amesema neno. Mimi hiyo kubwa ndiyo inanilipa zaidi, hata hivyo sitaki urudi hapa unalia. Niambie, unataka kumpiga nani picha?"

"Bibi yangu. Akicheka. Lakini akiona kamera haachi kununa."

"Ehee. Basi simama hapo mlangoni, mtafute mtu anayecheka barabarani, ujaribu zote mbili."

Ng'ambo ya barabara mama mmoja alikuwa akiuza viazi huku akitaniana na dereva wa bodaboda. Walikuwa wakicheka kweli kweli. Atuganile aliinua kamera kubwa. Kabla hajalenga sawasawa, yule mama aliiona. Kicheko kilikatika, akavuta kanga, akasimama wima na kukaza uso. Dereva naye alitunisha kifua. Atuganile alibonyeza kitufe. Kamera ikafikiri kwanza, ikasita, ndipo ikapiga. Alipoitazama picha, alimkuta yule mama amenuna, na pikipiki ya pili iliyokuwa ikipita ilionekana gurudumu la nyuma tu.

Alirudi ndani, akasubiri wale watu wasahau. Kisha akachukua ile ndogo, ambayo ilienea kiganjani. Safari hii hakuna aliyegeuka. Alibonyeza, na papo hapo ikapiga. Pale kwenye kioo alikuwapo mama muuza viazi, mdomo wazi, macho yamefinywa kwa kicheko, hata tone la mvua kwenye shavu lake lilionekana.

Atuganile alivuka barabara kumwonyesha, kwa maana si vizuri kumchukua mtu picha kimyakimya na kuondoka.

"Samahani, mama. Nilikuwa najaribu kamera. Ukitaka nitaifuta."

"Uifute?" mama alisema, akiishika kamera kwa mikono miwili. "Hebu nione. Weee! Mimi ni mzuri hivi, na hakuna aliyeniambia?"

Atuganile alirudi dukani akiwa amejua jibu, na jibu lenyewe lilimuuma. Alimkumbuka Hellen. Aliikumbuka shule nzima. Aliitazama kamera kubwa kwa mara ya mwisho, akaisogeza kando.

"Nachukua hii ndogo," alisema.

"Hicho kipande cha sabuni?" Emmanuel aliuliza. Baba alimkata jicho.

Kesho yake shuleni Atuganile angeweza kudanganya. Angesema kamera kubwa imebaki nyumbani, na nani angekwenda kuitafuta? Lakini alichoka na uongo kabla hata hajautunga. Alimwambia Hellen ukweli mbele ya wenzake wote: walinunua ndogo, na yale aliyosema mwanzo yalikuwa majivuno yake tu. Walimcheka mpaka kengele ilipogongwa. Masikio yalimwaka moto, lakini hakufa.

Ndipo kazi ikaanza. Kila alipomaliza shughuli za nyumbani alijizoeza. Mzee Zuber alikuwa amemfundisha kubana viwiko kwenye mbavu, kuzuia pumzi, na kukibonyeza kitufe nusu kwanza ili kamera iwe tayari, kisha kumalizia pale jambo linapotokea. Kusema ni rahisi. Picha zake za siku za mwanzo zilikuwa za kuku wasio na vichwa na vichwa visivyo na kuku. Mvua iliponyesha alisimama chini ya upenu, kamera ndani ya mfuko wa nailoni aliotoboa tundu la lenzi. Wiki ya pili alimnasa jogoo akiwa hewani, anaruka kutoka juu ya kuni. Emmanuel aliitazama picha hiyo kwa muda mrefu na hakutaja sabuni tena.

Siku ya safari walimpitia bibi Isongole. Alitoka amevaa sweta mbili na kanga mpya, ameshika mkungu wa ndizi wa kumpelekea mdogo wake.

"Mke mwenzangu," alimtania Atuganile, "nasikia mmenunua kamela. Mimi usinipige. Piga milima."

"Sawa, bibi. Nitapiga milima."

Gari la kukodi liliteremka kuelekea Kyela. Baridi ikabaki nyuma, masweta yakavuliwa moja baada ya jingine. Hatimaye ziwa likatokea mbele yao, la buluu na pana, na milima ya Livingstone imesimama pembeni. Kwa mdogo wake bibi, jina lake Alinanuswe, palikuwa karibu na maji, na nyumba ilizungukwa na mikakao.

Atuganile alikuwa wa kwanza kushuka. Alikimbia akajibanza nyuma ya mkakao mmoja, viwiko kwenye mbavu.

Bibi Alinanuswe alitoka mlangoni. Bibi akashuka garini. Walitazamana, halafu wakaanza kukimbiliana kwa mwendo wa wazee, ule wenye haraka nyingi na hatua fupi.

"Bibi! Tazameni huku!" Emmanuel alipiga kelele, simu ya kuazima juu.

Vikongwe wote wawili wakasimama. Wakajipanga bega kwa bega, wakakaza nyuso, na kanga zikapanda midomoni.

Atuganile aliwaona hivyo kwenye kioo cha kamera. Miaka kumi na minane, na kaka yake ameiharibu kwa maneno matatu! Alitaka kutoka pale mtini amfokee. Lakini alibaki. Alizuia pumzi, akabonyeza kitufe nusu, akangoja.

Emmanuel alipiga picha yake, akashusha simu. Bibi Alinanuswe akamgeukia dada yake, akamtazama mdomoni.

"Gwe, dada! Meno umeyaacha wapi?"

Bibi alishtuka. Kwa kitambo kidogo ilionekana kama atakasirika.

"Nimeyaacha Isongole yalinde nyumba," alijibu. "Na yako je?"

"Yangu yamekwenda kuvua samaki!"

Kicheko kilichowatoka kiliwafukuza bata mpaka majini. Walishikana mikono, kwa hiyo hapakuwa na mkono wa kuinua kanga. Vichwa nyuma, midomo wazi, ufizi mtupu unang'aa kwenye jua la Matema. Atuganile akamalizia kitufe.

Aliitazama. Ilikuwa pale, yote, safi kabisa. Alirukaruka chini ya mkakao peke yake, akipiga vigelegele mpaka mama akaja mbio akidhani amekanyaga nyoka.

Waliporudi Tukuyu, baba aliipeleka picha studio ikasafishwa kwa ukubwa, ikatiwa fremu. Hellen alikuja kuiona, akaomba afundishwe kubana viwiko. Emmanuel, ambaye hakuwa mgumu wa kukiri kosa, alimwomba radhi dada yake kwa kelele zake za kule Matema.

Jumapili walimpelekea bibi. Njiani baba alisimama kidogo, akamwekea Atuganile mkono begani.

"Nimefurahi, mwanangu, na nitakwambia kwa nini," alisema. "Uliulizwa kitu ni cha kazi gani, ukachagua cha kazi hiyo, ingawa kingine kingekupa sifa. Kitu bora si kile kinachowashangaza watu, ni kile kinachofanya kazi uliyokitakia. Tena ukajifunza kukitumia, maana kamera bila mkono uliozoea ni bati tu. Na ulipokuwa umejisifu, ukasema kweli mwenyewe. Hilo la mwisho ndilo lililonifurahisha zaidi."

Bibi aliipokea picha, akaiegemeza magotini, akaitazama. Aligusa uso wa mdogo wake kwa kidole, kisha wake mwenyewe.

"Huyu anayecheka namna hii ni mimi?"

"Ni wewe, bibi," Atuganile alisema. "Nisamehe. Nilisema nitapiga milima."

Bibi alimvuta, akamkumbatia kwa nguvu.

"Ndaga fijo, mwanangu. Ahsante sana," alisema. "Siku Mungu akiniita, iwekeni hii mbele ya watu. Wakitaka kulia, walie. Lakini mimi nitakuwa nawacheka."