Mpira wa Mzee Sulle

Mzee Sulle wa Gehandu hawezi kula kwa mdomo. Koo liliugua, likaziba. Hospitali wakamwekea mpira mwembamba unaopita kwenye ngozi hadi tumboni. Kila asubuhi Violeth, mke wa mwanawe, huchuja uji mwepesi na kuumimina taratibu kwenye mpira. Mzee akishiba, anauliza habari za ng'ombe.

Lakini ngozi kuzunguka mpira ikawa nyekundu. Ikachubuka, uji ukavuja. Mzee akiguswa, anaguna.

Mgonjwa haulizwi uji, wanasema. Basi aliyeulizwa ni mpishi.

"Unaweka nini humu?" aliuliza Bibi Helena, mke wa mzee.

"Unga na maziwa tu, mama."

"Mh! Maziwa yanaunguza mtu? Au umemroga? Uji nitapika mwenyewe."

Violeth alilia jikoni. Yaani yeye ndiye mchawi? Akafunga mfuko wake, arudi kwao Basotu.

Kabla hajatoka, akaingia Restituta, muuguzi wa zahanati.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umekuja vizuri. Huyu anamuua mume wangu!"

Restituta alinawa mikono. Akainua kisahani cha plastiki kinachoshikilia mpira, akanusa vidole.

"Hii ni samli. Nani anapaka?"

Violeth akatikisa kichwa. Mzee akatazama ukuta.

"Mimi," Helena alisema polepole. "Kila alfajiri. Kwetu kidonda hupakwa samli. Kuna ubaya?"

"Hapa upo, bibi. Mafuta yanatelezesha kisahani. Mpira unachezacheza, maji makali ya tumbo yanavuja na kuunguza ngozi. Osha kwa sabuni na maji safi, kausha vizuri. Kisahani kisibane wala kisilegee. Tena mpira huu mrefu unavutwa na shuka. Siku hizi upo mfupi, bapa kama kifungo cha koti. Hospitali watambadilishia."

"Mnataka kumfanyia majaribio mume wangu!"

"Nenda naye, uone kwa macho yako."

Helena alienda kweli. Alimbana daktari kwa maswali mpaka daktari akaomba maji ya kunywa.

Sasa mpira ni ule mfupi, na ngozi imekauka. Mzee anatembea hadi zizini, hakuna kinachoning'inia.

Mfuko wa Violeth ulikuwa bado mlangoni. Siku ile muuguzi alipotoka, alikuwa amesema haondoki tena na jina la uchawi, atasubiri mzee apone kwanza. Asubuhi moja Helena aliufungua yeye mwenyewe, akatundika kanga moja moja ukutani.

"Mwanangu, uji unapoa," alisema. "Njoo umlishe baba yako."