Dakika ya Kumi na Saba

Programu mbovu haichagui mahali pa kufia. Leo hufa dakika ya pili, kesho dakika ya thelathini. Lakini ile iliyokuwa ndani ya kompyuta ya dada yake Fundi Nakala ilifia pale pale kila mara: dakika ya kumi na saba, sekunde ya ishirini. Picha iliganda, skrini ikawa nyeusi, dirisha likajifunga lenyewe.

Jina la Nakala alipewa na wateja kwa sababu ya desturi yake. Hakugusa faili la mtu bila kulinakili kwanza, na kazi ilipotengemaa alimtumia mwenyewe nakala iliyopona, aitazame kwa simu yake kabla ya kuja kuchukua mashine. Kwa miaka kumi na tisa desturi hiyo ilikuwa haijamwangusha.

"Nakuomba kitu kimoja tu, mdogo wangu," dada yake alikuwa amemwambia asubuhi, akiiweka kompyuta mezani kwa mikono miwili. "Shemeji yako anageukia kamera, anasema, 'Mke wangu, nikwambie,' halafu inakatika. Mwaka mzima nasikia nusu. Nipe nusu iliyobaki."

"Si wewe uliyekuwa unapiga hiyo video? Hukumsikia?"

"Na kelele zile za watoto? Nilijua nitamuuliza baadaye. Wiki haikuisha tukamkuta stoo, ameshapoa."

"Utamsikia leo, dada. Nenda nyumbani, usubiri simu."

Ilikuwa video ya sherehe ya nyumbani. Shemeji alisimama sebuleni na glasi ya maji mkononi. Nyuma yake palikuwa na mlango wa stoo, umefungwa. Ilipofika dakika ya kumi na saba, sekunde ya kumi na saba, mlango ule ulifunguka upana wa kidole, bawaba ikalia, na sekunde tatu baadaye programu ikafa.

Fundi akaisasisha programu. Ikafa. Akabadilisha kodeki, yaani ile sehemu inayofumbua picha. Ikafa. Akaizuia isitumie kadi ya picha. Ikafa tena, na safari hii ikaacha harufu ya nywele zilizoungua. Akaifungua mashine, akaupapasa ubao wake wa ndani kwa kidole. Ulikuwa baridi.

"Jirani," sauti ilitoka upande wa pili wa ukuta wa mbao, "unaunguza kichwa cha nani huko?"

Alikuwa mshonaji, mzee aliyewahi kuwa mganga wa kupunga majini kabla ya kuhamia kwenye cherehani, ambayo, kwa maneno yake, ilikuwa na makelele machache zaidi.

"Changu. Kazi hii imenikalia vibaya."

"Wewe una upara, fundi. Sema kweli."

Fundi akacheka, akarudi kwenye mipangilio. Huko chini kabisa aliliona swali moja: kosa likitokea, programu ijifunge au iendelee? Akachagua iendelee, akaamuru litoke faili jipya lenye mpangilio huo huo, kisha akaicheza video. Sekunde ya ishirini ikapita. Ya ishirini na moja ikapita. Midomo ya shemeji ilikuwa bado inacheza, na fundi, kwa furaha ya mtu aliyetimiza ahadi, akamtumia dada yake nakala bila kungoja mwisho.

Ndipo akaongeza sauti.

"Mke wangu, nikwambie," alisema shemeji. "Mke wangu, nikwambie. Mke wangu, nikwambie."

Glasi ilipanda na kushuka mkononi mwake, kwa kipimo kile kile. Nyuma yake mlango wa stoo ulikuwa wazi wote, na ndani hamkuwa na kitu ila giza, na giza lile halikukaa stoo.

Fundi akabofya alama ya kufunga. Dirisha likafungwa, likafunguka. Akainuka, akafika mlangoni, akashika kitasa, na akajikuta ameketi, mkono juu ya kipanya. Akainuka tena, safari hii akikimbilia waya wa umeme, akainama, akauona kabisa ule waya mbele ya vidole vyake, na akajikuta ameketi, mkono juu ya kipanya, harufu ya nywele imemjaa kooni, bawaba inalia, lakini sasa haikulia ndani ya kompyuta, ililia nyuma ya kiti chake, mahali ambapo kwa miaka yote hiyo palikuwa na ukuta mtupu.

"Jirani, njoo unifungulie mlango."

"Mlango uko wazi, fundi. Nauona mgongo wako."

"Jirani, njoo unifungulie mlango."

Cherehani ikanyamaza. Mshonaji alikuja mpaka kizingitini, asivuke.

"Umesema hivyo mara sita," alinong'ona. "Ulipoipokea mashine hiyo ilikuwaje?"

"Ilikuwa inakufa. Mimi nime... Jirani, njoo unifungulie..."

"Sikiliza! Haikuwa mbovu. Ilikuwa inajifunga kabla huyo aliyemo ndani hajatoka. Irudishe ilivyokuwa."

"Sijawahi kurudisha kazi mbovu."

"Leo utairudisha, mwanangu."

Mkono haukuweza kuondoka kwenye kipanya, lakini uliweza kukisogeza. Pumzi baridi ilimpanda shingoni alipokuwa akishuka kwenye mipangilio, mstari kwa mstari, akivutwa nyuma, akianza upya, mpaka akalifikia lile swali na kuchagua: ijifunge. Shemeji akafungua mdomo. Skrini ikawa nyeusi. Programu ikafa.

Fundi alianguka kizingitini, miguuni pa mshonaji, akicheka na kulia pamoja.

"Imekufa! Imekufa, mzee wangu!"

"Alhamdulillahi," alisema mshonaji. Kisha akamtazama, na uso wake ukabadilika. "Fundi Nakala. Iko wapi nyingine?"

Kicheko kikakatika. Vidole vya fundi vilikosea namba mara mbili kabla simu haijaita. Ilipokelewa mara moja.

"Dada! Usiicheze ile video! Umenisikia? Usiicheze!"

"Imecheza vizuri, mdogo wangu," alisema dada yake kwa furaha, "haikukatika hata kidogo."

Nyuma yake bawaba ililia.

"Dada, toka nje. Toka sasa hivi!"

"Imecheza vizuri, mdogo wangu," alisema dada yake kwa furaha ile ile, "haikukatika hata kidogo."