Pazia Jeusi la Abdirizak

Siku ya soko Daraja Mbili hakuna anayetembea kwa raha. Unapenya kwa bega, unakanyaga maganda ya ndizi, unaombwa radhi na mtu ambaye tayari amekupita. Hivyo ndivyo Mokua, kijana wa Nyamira anayefunga intaneti majumbani mjini Kisii, alivyosukumwa mpaka kwenye kibanda cha fundi wa simu na kumpiga msichana kiwiko. Kitu kikamponyoka msichana mkononi. Alivaa sketi ndefu ya bluu, sweta ya manjano na viatu vyeupe visivyo na hata tone la matope, jambo la ajabu Kisii mwezi wa nne.

Mokua aliinama akakiokota. Kilikuwa pad ya kuchezea gemu.

"Ni ya kaka yako?" akauliza.

"Kwani mimi sina vidole?"

Basi hapo Mokua kwisha.

Msichana aliitwa Bonareri. Alifundisha chekechea Kiogoro na kuishi na wazazi wake Nyanchwa, ambako baba yake ni mzee wa kanisa la Waadventista. Mwezi haukuisha kabla hajawa mpenzi wa Mokua, na daktari wa kikosi chake.

Kikosi hicho kilikuwa na watu wanne: hao wawili, Ochoki rafiki wa Mokua, na Farhiya. Walichezea ghorofani kwa Abdirizak, kaka yake Farhiya, aliyeziba dirisha la ukumbi wake wa gemu kwa pazia zito jeusi ili mwanga usiharibu skrini. Simu ziliachwa kwenye beseni mlangoni, maana ziko timu zinazopeana siri za mechi kwa simu. Gemu yenyewe ni ya vita vya angani: askari wanne, kituo kilichotobolewa matundu juu ya mwezi wa sayari ya mbali, adui nyuma ya kila mlango, na hewa inayopungua. Daktari ndiye anayebeba mitungi ya hewa. Akiondoka, wenzake wanakufa mmoja mmoja. Na mechi ikishaanza haisimamishwi.

Taabu ilikuwa hapo. Mashindano yalipangwa Ijumaa jioni, na Ijumaa jua likizama, Sabato imeingia. Bonareri alikuwa hajawahi kucheza hata dakika moja baada ya hapo.

"Wewe una saa mkononi," alimwambia Mokua siku ya nusu fainali dhidi ya timu ya Kisumu. "Ikifika kumi na mbili uniambie. Wewe ndiye saa yangu, sawa mpenzi?"

"Sawa, daktari wangu."

Mechi ikarefuka. Bonareri alipouliza, Mokua alitazama mkono wake: kumi na mbili na dakika ishirini. Fainali ya kanda ya magharibi ilikuwa mlango mmoja mbele yao, na baada yake Nairobi, ambako alitamani kucheza tangu akiwa shule ya upili.

"Kumi na moja na nusu," akasema, na sauti haikumtetemeka. Hilo ndilo lililomtia aibu baadaye kuliko uongo wenyewe.

Walishinda. Ochoki akapanda juu ya kiti. Bonareri akavua vidude vya masikioni huku akicheka, kisha kicheko kikakatika. Msikitini walikuwa wanaadhini magharibi, na Abdirizak alikuwa akikunja mikono ya shati aende kutawadha.

"Mokua, ni saa ngapi?"

Mokua alivuta mkono wa shati ukafunika saa.

"Nimekuuliza wewe."

"Ilibaki kidogo tu, Bona. Ningekuambia."

"Ungeniambia nini? Kwamba Mungu wangu angengoja umalize?"

Hakupaza sauti. Alichukua simu yake kwenye beseni akashuka ngazi.

Mokua alipiga simu Jumapili, Jumatatu na Jumanne bila kujibiwa. Jumatano ikapokelewa.

"Nitacheza fainali," Bonareri alisema. "Farhiya na Ochoki hawajanikosea. Inaanza saa kumi, nitakuwa nimemaliza mapema."

"Bona, nisamehe."

"Na usinitajie saa. Ukinitajia sitakuamini, kwa hivyo usijisumbue."

"Nilitaka kuja kwenu. Kumwona baba yako."

"Hata mimi nilitaka. Nilishamwambia Tata kuna kijana anaitwa Mokua, si wa kanisa letu, lakini ni mkweli. Sasa nimwambie nini?"

Akakata simu.

Ijumaa alikuja na gauni la kijani, nywele amezifunga nyuma, na mkononi saa mpya ya kununua sokoni, mkanda wake ukimlegea. Mokua aliiona ile saa, akajua ni kwa sababu yake. Mtandao ukasumbua, na mechi ya saa kumi ikaanza saa kumi na moja. Bonareri akatazama saa yake, akafikiri, akaketi.

Timu ya Eldoret haikuwa ya mchezo. Ndani ya nusu saa walikuwa wamemuua Farhiya mara mbili, na mara zote Bonareri alimfikia na mtungi akamwinua.

"Hewa, Bona, hewa," Ochoki alinong'ona.

"Nakuja. Tulia."

Bonareri akatupia saa yake jicho, akaendelea. Mokua naye akaiona: kumi na moja na dakika arobaini. Baadaye akaitazama tena. Kumi na moja na dakika arobaini. Mshale wa sekunde ulikuwa umelala. Saa yake mwenyewe ilisema kumi na mbili na robo.

Safari hii hakuwa amedanganya mtu. Ulibaki mlango mmoja, pengine robo saa ya kupigana, pengine zaidi. Wangeshinda, na lawama ingekuwa ya aliyemuuzia Bonareri saa. Naye angemsamehe, maana kosa lisingekuwa la Mokua. Aliitaka Nairobi mpaka mdomo ukamkauka. Na hata akisema, nani angemwamini?

Akaweka pad chini, akaenda dirishani, akalivuta pazia lote.

Mvua ilikuwa imekatika, na jua lilikuwa limetokeza chini ya wingu, juu kidogo tu ya kilima. Likaingia lote ukumbini. Skrini ziligeuka vioo, kila mtu akabaki anaona uso wake mwenyewe. Ochoki alifyatua ovyo, Farhiya akatembea mpaka nje ya kituo, na kabla macho hayajazoea mwanga kikosi kizima kilikuwa maiti.

"Buda," Ochoki alisema taratibu, "umerogwa?"

Farhiya ndiye aliyeelewa kwanza. Alishika mkono wa Bonareri. "Dada, saa yako imesimama."

Bonareri aliitazama saa, akatazama jua, akamtazama Mokua aliyesimama na pazia mkononi. Aliivua ile saa, akachukua simu yake kwenye beseni, akaitia mkobani bila kuiangalia. Alipofika juu ya ngazi akasimama.

"Mokua. Ni saa ngapi?"

Mokua alitazama mkono wake mara mbili.

"Kumi na mbili na dakika kumi na nane. Una dakika ishirini, labda na kidogo."

"Tuna," Bonareri alisema. "Shuka ushike bodaboda. Tata hupenda wageni wafike kabla jua halijazama."