Tundu la Daraja la Arrozpe

Jiwe lilikuwa limetoka tena. Mara ya nne hiyo, na fundi Beñat alikuwa amelipachika mwenyewe jana yake kwa chokaa safi, kwenye upinde wa kati wa daraja. Sasa pale palikuwa na tundu tu, linanuka nywele zilizolowa.

"Nimechoka," alimwambia Garazi, mkaguzi wa mambo ya kale. "Hebu fungua daraja. Mama yangu mgonjwa yuko ng'ambo ya mto, nazunguka saa nzima kumpelekea supu."

"Ziba tundu, fundi, nafungua siku hiyo hiyo. Karatasi ya ofisi inasema lazima daraja likamilike."

Karatasi! Sisi Wabaski wa bonde hili tunajua madaraja yetu hayakamilishwi. Waashi wa zamani waliacha jiwe moja makusudi, ili lamia, jini jike wa mtoni, awe na mlango wake. Beñat alilijua hilo tangu utotoni, na mama yake, bibi Graxiana, alimkumbusha adhuhuri ile.

"Mwachie nyumba yake, mwanangu. Mimi supu baridi nainywa."

"Supu si hoja, mama. Ukizidiwa, gari la wagonjwa litapita wapi?"

Beñat akarudi darajani hasira zimempanda, akalipachika jiwe, akalibana kwa vyuma viwili. Akiwa bado juu ya ngazi alisikia kucha zikikwaruza kwa ndani, polepole kwanza, kisha kwa pupa, kisha kitu kikaanza kulia kwa sauti ya mwanamke aliyefungiwa, naye badala ya kushuka akazidi kupiga nyundo, jasho likimtoka, akiitukana ofisi, akiutukana mto, hadi makwaruzo yakakoma.

Asubuhi jiwe lilikuwa mahali pake. Garazi akaondoa uzio uliolifunga daraja. Beñat akavuka na sufuria yake kwa dakika tatu tu, akicheka peke yake.

Mlango wa mama ulikuwa wazi, sakafu imelowa. Kwenye ukuta wa jikoni jiwe moja lilikuwa limetolewa na kuwekwa chini kwa adabu. Bibi Graxiana alikuwa amejibanza ukingoni mwa kiti chake, kama anayempisha mtu.

"Mama, nani kafanya hivi?"

"Sema polepole, ndiyo kwanza amelala," bibi alinong'ona. "Aliniomba pa kukaa. Nikamwambia hapa nipo mimi. Akanishika mkono, akanipapasa mishipa, akasema basi atangoja, kwani si muda mrefu."